Paa Moja, Watu Wangapi? Kamina na Historia ya Kukadiria

Mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa majimbo manne, mji wa Kamina uliamka ukiwa makao makuu ya Haut-Lomami: kilomita za mraba 108,204, teritwari tano, kanda za afya kumi na sita. Gavana alipata ofisi na wajumbe wa jimbo wakapata viti. Idadi ya watu haikupatikana. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ni ya mwaka 1984, enzi nchi ikiitwa Zaire, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto wa kuoa na kuolewa. Kila namba iliyoandikwa tangu hapo mbele ya majina ya Kamina, Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu ni makadirio: kuna kitu kilichoonekana, kuna kizidisho, kisha kuna jibu. Vitu vya kuonekana ni vingi na vizidisho ni vingi zaidi, ndiyo maana majibu yamekuwa yakigongana kwa zaidi ya miaka mia moja. Wanatakwimu wana jina la kazi ya kuyapambanisha majibu hayo. Huiita kulinganisha modeli za rigresheni, na huifundisha darasani kana kwamba ni suala la kanuni na jedwali. Ukiifuatilia katika historia ya Haut-Lomami utaona ni suala la nani anayeruhusiwa kumpima nani.

Rigresheni ya vigeu vingi, kwa maneno ya nyumbani, ni kutafuta kila kitu tunachokijua kina uzito gani katika kitu tusichokijua. Una idadi ya nyumba, ukubwa wa paa, umbali kutoka njia ya reli, idadi ya walioandikishwa kupiga kura. Unauliza: kimoja kikiongezeka huku vingine vikitulia palepale, watu wanaongezeka kiasi gani? Hesabu yenyewe ni ya zamani. Legendre alichapisha mwaka 1805 njia ya kupunguza jumla ya miraba ya makosa, na mwaka 1899 Udny Yule akaitumia kwa vigeu vingi pamoja akitafuta sababu za umaskini uliotegemea misaada katika Uingereza. Ugumu huanza pale watu wawili wanapochukua data moja, mmoja akaja na modeli ya vigeu vitatu na mwingine ya vigeu kumi, na zote mbili zikaonekana kuwiana na data. Nani asikilizwe? Dai langu ni kwamba modeli zilizowakadiria watu wa Haut-Lomami mara chache zilianguka kwa kukosa vigeu. Zilianguka kwa sababu zilipimwa kwa data zilezile zilizozizaa, au zilipimwa na mtu yuleyule aliyelihitaji jibu lake.

Kabla ya ukoloni, katika nchi ya Waluba ambayo Kamina umo ndani yake, kulikuwa na namna ya kupima usomaji wa data. Chama cha Mbudye kilitunza lukasa, ubao wa mbao uliopachikwa shanga na alama, ambao wataalamu waliutumia kusimulia nasaba za wafalme, safari za waasisi, mipaka na miiko ya baraza. Ubao huohuo haukutoa simulizi moja. Msomaji aliusoma kulingana na shughuli iliyomkutanisha na wasikilizaji na kulingana na ujuzi wake, na wasomaji wawili waliweza kutofautiana juu ya shanga ileile. Ila alisoma mbele ya wenzake waliofundwa kama yeye, wenye kumbukumbu zisizotoka kwenye ubao ule. Sitaki kuugeuza lukasa kuwa kompyuta, kama wanavyopenda waandishi wengine wa siku hizi. Haikuwa kazi yake kuhesabu vichwa. Nataka tu ikumbukwe kwamba usomaji uliwekwa mbele ya watu wenye ushahidi mwingine. Dola ya kikoloni ilipofika haikujiwekea sharti hilo.

Modeli ya kwanza ya wakoloni ilikuwa na kigeu kimoja, nacho ni mwanaume. Amri ya mwaka 1910 iliyowaweka machifu chini ya utawala ilitaka kila mtu aandikwe mahali pake, na aliyeandikwa kwa uangalifu kuliko wote ni yule aliyelipa kodi na aliyeweza kutumwa kazini. Makarani walikuwa na herufi tatu kwa ajili yake, HAV, kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya wanaume wazima wenye nguvu. Wanawake na watoto walifuata nyuma yake kwa uwiano. Namba hiyo haikuwa ya kuwekwa kabatini. Tangu mwaka 1910 Bourse du Travail du Katanga ilikuwa ikitafuta vibarua wa migodi ya Union Minière, na nchi ya Lomami ikawa moja ya mashamba yake ya kuvuna watu. Malalamiko ya vijiji kukaushwa yalipozidi, tume iliyoitishwa mwaka 1924 ilipendekeza kikomo, na kikomo chenyewe kikaandikwa kwa asilimia ya HAV. Hapo ndipo pa kutua na kutazama. Ukiongeza HAV kwenye daftari, kikomo kinapanda na mwajiri anapata watu zaidi bila kuvunja kanuni. Chifu naye akiwapunguza, anapunguza kodi na kuwaficha vijana wake. Daftari moja lilivutwa na mikono miwili kuelekea pande mbili, na mtawala wa wilaya aliyelikagua ndiye huyohuyo aliyetakiwa kupeleka kodi na vibarua.

Uwiano uliotumika nao ulikuwa na ugonjwa wake. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, kisha kampuni ya BCK ikaisukuma kaskazini-magharibi kupitia Kamina hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, na njia nzima ikafunguliwa mwaka 1928. Mwaka 1956 tawi la kutoka Kabalo likaungana nayo hapo Kamina, na kati ya matukio hayo mawili Wabelgiji wakajenga kituo kikubwa cha kijeshi cha anga, BAKA, ambacho jina lake limebaki hadi leo kwenye kanda ya afya ya Baka. Reli na kituo vilihamisha wanaume. Kijiji cha Kabongo kilichotoa vijana kilibaki na wanawake, wazee na watoto wengi kwa kila mwanaume aliyeandikwa. Kambi ya wafanyakazi kando ya stesheni ilikuwa na wanaume wengi na watoto wachache, walau hadi waajiri walipoanza, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kuwaruhusu na hata kuwahimiza wafanyakazi waje na wake zao. Kizidisho kimoja kilichotumika pote kilipunguza watu kijijini na kuwazidisha kambini. Makosa ya namna hii ni hatari kwa sababu yanafutana. Ukijumlisha wilaya nzima, ziada ya kambi inafunika upungufu wa kijiji, jumla inapendeza, na mkaguzi wa jumla hana cha kulalamikia.

Mwanatakwimu wa leo angeitibu modeli hiyo kwa kuongeza kigeu: je, ni kijiji au ni kambi? Angekuwa sahihi, lakini asingejua kwamba yu sahihi kwa kulitazama daftari pekee. Ilibidi mtu aende nje ya daftari. Alikwenda mwaka 1955. Kati ya mwaka huo na 1957 Kongo ya Kibelgiji ilifanya uchunguzi wa demografia kwa sampuli, takriban mtu mmoja kati ya kumi, vijiji na miji ikichaguliwa kwa bahati nasibu na kaya zikiulizwa moja kwa moja juu ya waliozaliwa na waliokufa. Anatole Romaniuk, aliyeufanyia kazi uchunguzi huo, alitoa mwaka 1967 kitabu juu ya uzazi wa Wakongo. Picha iliyotokea ilikuwa ya nchi yenye viraka: mahali uzazi uko juu sana, mahali pengine wanawake wengi hawakupata mtoto hata mmoja, na magonjwa ya zinaa yakatajwa kuwa sababu kubwa. Daftari la HAV lisingeweza kuonyesha viraka hivyo, maana lilidhani kila mwanaume anavuta nyuma yake familia ileile.

Miaka michache kabla ya hapo, upande wa pili wa maziwa, William Brass alikuwa Nairobi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki, alikofika mwaka 1948, mwaka wa sensa kubwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mchango wake ulikuwa wa unyenyekevu wa kipekee: alichukulia kwamba majibu ya kinamama yana makosa, kisha akatafuta maswali mawili ambayo makosa yake hayafanani, ili moja likague jingine. Umezaa watoto wangapi maishani? Umezaa mwaka uliopita? La kwanza husahaulisha watoto waliokufa zamani, la pili huyumba kwa sababu mwaka hauna ukuta. Ukiyalinganisha kwa rika, unaona mahali yanapoachana na kiasi gani. Data za Kongo za 1955–57 zilikuja kuchambuliwa kwa roho hiyo katika kitabu cha demografia ya Afrika ya kitropiki kilichochapwa Princeton mwaka 1968, Brass na Romaniuk wakiwa miongoni mwa waandishi. Kwangu hiki ndicho kipindi kimoja katika historia hii ambacho modeli iliwekwa mbele ya shahidi asiyekuwa mtoto wake.

Kipindi hicho hakikudumu. Hesabu ya kiutawala ya mwaka 1970 ilitoa watu wapatao milioni 21.6, sensa ya 1984 ilitoa takriban milioni 30. Baada ya hapo ikatawala modeli iliyo rahisi kuliko zote, ya namba ya zamani na kasi ya kukua. Wepesi wake unahadaa. Chukua eneo lolote lililokuwa na watu 100,000 na ulikuze kwa asilimia 3 kwa mwaka. Baada ya miaka 40 lina watu wapatao 326,000. Likuze kwa asilimia 2.5 na linapata kama 269,000. Nusu asilimia, ambayo hakuna mtu anayeweza kuigombania kwa uhakika, imezaa watu zaidi ya 57,000. Na kasi hiyo haijui kilichotokea njiani. Haijui kwamba kati ya 1992 na 1994 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, wengi wakisafirishwa kwa treni za njia hiihii ipitayo Kamina. Haijui vita vya 1998 hadi 2003, wala miaka iliyofuata ambapo mapigano na makundi ya wanamgambo wa Mai-Mai yaliwatimua watu wa Malemba-Nkulu na majirani zake. Kwenye karatasi, Malemba-Nkulu iliendelea kukua mwaka hadi mwaka kama mti usioguswa na upepo.

Modeli ya pili ya zama hizi ilitoka kwenye uchaguzi. Tume ya uchaguzi huandikisha watu wazima. Ukidhani kwamba karibu nusu ya Wakongo hawajafika miaka 18, unazidisha kwa mbili. Kwa uchaguzi wa 2018 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 40, kwa ule wa 2023 karibu milioni 44, maana yake nchi ya watu milioni 88 hivi kama kila mtu mzima angeandikishwa. Makadirio ya Umoja wa Mataifa, yanayotembea juu ya modeli za uzazi na vifo, yaliiweka nchi mwaka huohuo juu ya milioni 100. Tofauti hiyo ya watu zaidi ya milioni kumi si ya kushangaza: si kila mtu hujiandikisha, wengine hujiandikisha mara mbili, na msingi wa 1984 umechakaa. Linalonishughulisha ni jingine. Viti vya bunge hugawanywa kwa kufuata idadi ya walioandikishwa, kwa hiyo kila eneo lina sababu ya kuongeza majina. Ni HAV imerudi, safari hii ikivutwa upande mmoja tu, juu.

Kisha zikaja paa. Picha za setilaiti sasa huonyesha kila jengo, na mashine huchora mipaka ya kila paa. Mwaka 2017 na 2018 wahesabuji walikwenda kwenye vipande vidogo vya ardhi vilivyochaguliwa katika majimbo matano ya magharibi, Kinshasa, Kongo-Central, Kwango, Kwilu na Mai-Ndombe, wakahesabu kila mtu ndani ya kipande. Watafiti wa Southampton wakishirikiana na Kinshasa wakaunganisha hesabu hizo na majengo yanayoonekana kutoka juu, wakachapisha matokeo mwaka 2022. Na Haut-Lomami ikaja kuingizwa katika kundi jingine la majimbo yaliyokadiriwa kwa njia ya aina hiyo. Hapa kulinganisha modeli kunakuwa kazi ya kila siku. Je, idadi ya paa inatosha? Tuongeze wastani wa ukubwa wa paa? Na jinsi nyumba zilivyobanana? Umbali kutoka barabara? Mwanga wa usiku? Kila swali ni modeli mpya inayodai kuwa bora kuliko ile iliyotangulia.

Jaribu la kwanza ni kuiamini ile inayokaribiana zaidi na data. Kipimo chake maarufu ni R-mraba, kinachosema modeli imeeleza sehemu gani ya tofauti kati ya kijiji na kijiji. Kina kasoro moja isiyosameheka: hakishuki kamwe unapoongeza kigeu. Ongeza rangi ya milango, ongeza herufi ya kwanza ya jina la kijiji, R-mraba itapanda kidogo au itabaki palepale. Mwaka 1983 mwanatakwimu David Freedman aliligeuza tatizo hili kuwa kielelezo kisichosahaulika. Alichukua safu 100 za namba za bahati nasibu tupu, zikiwa na vigeu 50 visivyohusiana kabisa na kile kilichotabiriwa. Akapiga hesabu, akabakiza vigeu 15 vilivyoonekana na dalili nzuri, akapiga tena kwa hivyo 15 peke yake. Sita vikapita mtihani wa kawaida wa asilimia 5. Mtu aliyeonyeshwa jedwali la mwisho tu angeona ugunduzi, kumbe ni kelele iliyochujwa mara mbili.

Ndiyo maana kukabuniwa adhabu. R-mraba iliyorekebishwa hukata kwa ajili ya kila kigeu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kuna vijiji 30 vilivyohesabiwa: modeli ya vigeu vitatu ina R-mraba ya 0.70, ya vigeu kumi na viwili ina 0.78. Ya pili inaonekana mshindi. Ukirekebisha, ya kwanza inashuka hadi 0.665 na ya pili hadi 0.625, mshindi amegeuka. Kama modeli ndogo imo yote ndani ya kubwa, mwanatakwimu Ronald Fisher alishatuachia mtihani wa F wa kuuliza kama vigeu vilivyoongezwa, kwa pamoja, vimelipa gharama yao. Kama hakuna iliyomo ndani ya nyingine, mathalani moja ya paa na moja ya wapiga kura, mtihani huo wa kawaida hautumiki, na watu hukimbilia kigezo cha Hirotugu Akaike cha mwaka 1973 au cha Gideon Schwarz cha 1978. Akaike hutoza pointi mbili kwa kila kigeu. Schwarz hutoza logi asilia ya idadi ya vijiji, ambayo kwa vijiji 30 ni 3.4, naye huwa mkali zaidi kadiri data zinavyoongezeka. Kwa hiyo hata mahakimu hawakubaliani, na si ajabu wakachagua washindi tofauti kutoka jedwali moja. Mmoja anatafuta modeli itakayotabiri vizuri, mwingine anatafuta iliyo ya kweli miongoni mwa zilizoletwa mbele yake.

Mtu atasema basi yametosha: chagua hakimu, mpe modeli zako, pokea hukumu. Pingamizi hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu vigezo hivi ni vya uaminifu na hesabu yake haina hila. Lakini vyote vinahukumu ndani ya data zilizoletwa. Akaike atakuambia ipi kati ya modeli tano inafaa zaidi kwa vijiji vya aina ya hivyo vilivyohesabiwa. Hawezi kukuambia kama vijiji vya Kwilu ni vya aina moja na vya ukingo wa ziwa Kisale. Katika bonde la Upemba, kuzunguka Kinkondja, wavuvi hufuata maji na samaki. Wapo wanaoishi kwenye kambi za msimu, na wengine wamejenga hata juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Paa iliyopigwa picha wakati wa kiangazi huenda isiwepo mvua zikinyesha, au iwepo bila mtu. Katika mji wa Kamina nyumba ya matofali ya kampuni ya reli, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja, yaweza kuwa na kaya tatu. Modeli iliyojifunza kwamba paa moja ni watu kadhaa mahali pengine itaingia katika mandhari haya mawili na kukosea kinyume kwa kinyume. Ni kijiji na kambi tena, kosa lilelile la miaka ya 1920, likiwa limevaa nguo za setilaiti.

Dawa inajulikana: ficha sehemu ya data, fundisha modeli kwa iliyobaki, kisha itake itabiri ulichoficha. Hata hapa kuna namna ya kujidanganya. Ukificha vijiji kimojakimoja kwa bahati nasibu, kila kilichofichwa kina jirani aliyebaki, na modeli inakopa jibu kwa jirani. Ficha teritwari nzima ya Bukama, iache modeli ijifunze kwa Kaniama na Kabongo, halafu uone. Alama itashuka, tena huenda ikashuka vibaya, na mara nyingi modeli ndogo ya vigeu vitatu itaipita ile kubwa iliyokariri vijiji vyake. Ni mtihani usiopendwa, maana anayeuandaa anajua ataondoka na namba mbaya zaidi ya ile aliyokuja nayo.

Wako wanaosema kugombania modeli ni anasa: ifanywe sensa, mjadala uishe. Kuhusu sensa nakubali bila masharti. Kuhusu mjadala kuisha, sikubali. Sensa nayo huacha watu nje, na hupimwa kwa uchunguzi unaofanywa baada yake. Isitoshe, mwaka 2017 polio inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika ilipozuka Haut-Lomami, hakuna aliyeweza kungoja. Chupa za chanjo zilipaswa kugawiwa kanda kwa kanda, na kila kanda ilipewa kwa kufuata makadirio fulani ya watoto wake. Wengine hupendekeza kuchukua wastani wa modeli zote. Wastani husaidia pale makosa yanapotawanyika huku na huku. Modeli zikiwa zimerithi msingi mmoja, ule wa 1984, zinakosea upande mmoja, na wastani wake ni kosa lilelile lililolainishwa.

Mahali ambapo udhaifu huu ulitikisa dunia ni katika kuhesabu waliokufa. Kati ya 2000 na 2007 shirika la International Rescue Committee lilifanya tafiti tano za vifo Kongo, likafikia vifo vya ziada milioni 5.4 tangu 1998. Mwaka 2010 ripoti ya mradi wa Human Security ilipinga. Haikuzikataa kaya zote zilizohojiwa. Ilishika hasa namba moja, kiwango cha vifo ambacho kingekuwepo bila vita. Watafiti wa kwanza walitumia vifo 1.5 kwa watu 1,000 kwa mwezi, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Ukiweka 2.0, wapinzani walisema, ziada iliyotokana na tafiti tatu za mwisho inateremka kutoka milioni 2.83 hadi milioni 0.86. Majibu ya kaya ni yaleyale, na watu karibu milioni mbili wametokea au wametoweka kwa nusu pointi. Hakuna R-mraba wala kigezo cha Akaike kinachoweza kuamua hapo, kwa kuwa Kongo isiyokuwa na vita haikuwahi kuhojiwa. Kilichoweza kusaidia ni rekodi nzuri ya vifo ya kabla ya 1998, na hiyo ilishaachwa ife katika miaka ya Zaire, kimyakimya, kwa kukosa karani na karatasi.

Haut-Lomami haijakosa kabisa shahidi wa nje. Kila kampeni ya chanjo huwapeleka watu mlango kwa mlango, nao huweka alama kwa kila mtoto waliyemfikia. Idadi hiyo hugawanywa kwa idadi iliyotabiriwa, na nchini Kongo si jambo geni jibu kuzidi asilimia 100. Ofisini huhesabiwa kuwa ushindi. Kijiji ambacho wachanjaji walikuta watoto 112 mahali palipotarajiwa 100 kimeifelisha modeli waziwazi, au alama zimeongezwa na mtu. Kwa vyovyote kuna la kufuatilia. Kigumu ni kile cha asilimia 70. Pengine watoto thelathini wamekosa chanjo, wako ng'ambo ya maji kwenye kambi ya uvuvi ambayo hakuna aliyeipelekea mtumbwi. Pengine hawakuwepo kamwe, walizaliwa na kasi ya asilimia 3 iliyoanza kuhesabu mwaka 1984. Daftari litaandika 70 katika hali zote mbili, na ili kuzitenganisha itabidi mtu arudi kule, apige hodi, ahesabu.